Kusafirisha mtoto wa paka msimu wa baridi, Nakuru hadi Kisumu: chombo gani, joto gani, gari gani

Ikifika Juni, swali huwa lile lile. Mtu amepewa mtoto wa paka Molo au Njoro, au amemwokota nyuma ya soko hapa Nakuru, na sasa anataka kumfikisha kwake Kisumu, Kakamega au Eldoret. Huniuliza, "Nimpandishe matatu ama nitafute gari?" Nami humrudishia swali: utamtia ndani ya nini?

Kwa miaka kadhaa nimewalea watoto wa paka waliotupwa, na wengi nimewapeleka mwenyewe kwa watu waliokubali kuwachukua upande wa Ziwa Victoria. Nimeona mtoto akifika mzima kwa matatu iliyojaa hadi mlangoni, na nimeona mwingine akifika amepoa masikio na miguu ndani ya gari zuri la mtu binafsi. Kilichowatofautisha ni chombo. Ndiyo maana nitakaa kwenye chombo muda mrefu kuliko kwenye gari.

Kwanza ijue njia. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Ukitoka hapo unazidi kupanda: Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, ambako ukungu hulala barabarani mpaka jua lipande. Ukishika njia ya Londiani na Kericho, unaingia nchi ya majani chai, ambako mvua hupenda kunyesha alasiri na mara nyingi huja na mawe. Baada ya Kapsoit barabara huanza kuteremka, na ukifika Awasi na Ahero umeshaingia uwanda wa joto. Kisumu iko mita 1,130 hivi, na mchana wa Julai hiyo hiyo hufika nyuzi 28. Kwa hiyo katika muda wa saa nne hivi mtoto wa paka hutolewa kwenye baridi ya kuvaa sweta mbili akaingizwa kwenye joto la kutaka kivuli. Watu wengi hujiandaa kwa ile nusu ya kwanza tu ya safari, na hapo ndipo makosa huanzia.

Mwili wake nao ni mdogo. Chai iliyo kwenye kikombe hupoa kabla ya chai ya sufuria, hata kama zilichemshwa pamoja, na mtoto wa paka ni kikombe. Ana uzito mdogo, mafuta haba chini ya ngozi, na manyoya yake ni laini lakini hayajawa mazito. Paka mkubwa mwenye afya ana joto la nyuzi 38 hadi 39. Mtoto aliyezaliwa juzi ana nyuzi 35 au 36 tu, na hawezi hata kutetemeka ili ajipashe. Hutegemea tumbo la mama na miili ya ndugu zake. Uwezo wa kujipasha joto huja kidogo kidogo, na hukaribia kukamilika anapofika wiki ya nne au ya tano.

Aondoke sasa au angoje?

Hili ndilo chaguo ambalo watu huliruka. Gari limepatikana, rafiki anaenda Kisumu Jumamosi, basi mtoto lazima aende Jumamosi.

Mtoto wa chini ya wiki nne simsafirishi wakati wa baridi ila maisha yake yakiwa hatarini pale alipo. Akilazimika kwenda, aende na mama yake, kwa sababu hakuna chupa ya maji moto inayoweza kufanya kazi ya mama. Kati ya wiki nne na nane anaweza safari fupi, kama Nakuru hadi Njoro au Kisumu hadi Maseno, akiwa kwenye chombo kizuri. Safari ya saa nne au tano kupitia Mau naiachia mtoto wa wiki nane na zaidi, anayekula chakula kigumu mwenyewe na mwenye uzito wa karibu kilo moja. Kwa umri huo pia huwa ameshaanza chanjo, ambayo hutolewa mara ya kwanza kati ya wiki sita na nane, zikiwemo kinga za virusi vya mafua ya paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata akifikisha miezi mitatu.

Ukiweza kungoja wiki 12, ngoja. Najua si rahisi mtu akishampenda. Lakini mtoto aliyekaa na mama na ndugu zake hadi umri huo hufika akiwa na nguvu, na pia huwa amefundishwa na wenzake kucheza bila kuuma. Anayepiga chafya, anayetoka usaha machoni au anayeharisha asisafiri kabisa, hata kama nauli imelipwa. Baridi na wasiwasi wa safari humwongezea ugonjwa, na akiwekwa na wengine huwaambukiza.

Chombo: kasha, katoni, kikapu, begi

Kasha gumu la plastiki lenye mlango wa nyaya ndilo bora kati ya vyote, na sioni haya kulisema hivyo moja kwa moja. Halibonyei mzigo wa abiria mwingine ukiliangukia. Halilowi likiwekwa kwenye sakafu iliyomwagikiwa maji. Huoshwa. Tatizo lake wakati wa baridi ni kwamba lina matundu pande zote, na plastiki yenyewe haitunzi joto. Ukilitumia lilivyo, upepo wa mlango wa matatu hupita ndani kama kwenye kichochoro. Dawa yake ni leso au shuka: unalifunika juu na pande tatu, ukiacha mlango upumue, na mlango wenyewe unauelekeza kwako, mbali na dirisha. Tena usinunue kubwa ukifikiria atakavyokuwa akikomaa. Mtoto ndani ya kasha kubwa hupasha hewa nyingi bure. Likiwa kubwa tayari, lipunguze kwa kulijaza taulo zilizokunjwa upande mmoja.

Katoni watu huidharau, na mimi naitetea. Karatasi yake ya mikunjo ina hewa katikati, na hewa hiyo huzuia joto lisitoke. Kwa baridi kavu, katoni ya ukubwa wa kawaida huwa na joto kuliko kasha la plastiki lililo uchi. Hupatikana dukani kwa bei ndogo au bure. Toboa matundu ya ukubwa wa kidole, kama kumi na mawili, pande mbili tu zinazotazamana na karibu na juu, ili hewa ipite juu ya mtoto bila kumpulizia mgongoni. Sitoboi chini kamwe. Udhaifu wake ni maji. Mkojo ukipenya, au ukiiweka kwenye nyasi zenye umande pale stejini, chini hulainika, na katoni iliyolainika humwangusha mtoto barabarani kabla hujatambua. Kwa hiyo ndani tandika karatasi ya nailoni kwanza, juu yake magazeti matabaka kadhaa, kisha kitambaa. Nje ifunge kwa kamba ipite chini, usiamini gundi peke yake. Mtoto wa miezi mitatu ataikwaruza mpaka apate tundu la kutokea. Kwake katoni imeshapitwa na wakati. Kwa wa wiki nane hadi kumi, safari moja, inatosha kabisa.

Kikapu cha sokoni au kiondo ndicho ninachokiona zaidi kwenye steji, na ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kinapendeza na ni chepesi, ila juu kiko wazi. Watu hufunga leso mdomoni mwake, na leso ikivutwa kidogo mtoto huruka nje katikati ya honi na miguu ya watu. Kikapu cha nyuzi za plastiki kina mianya ya kuingiza upepo. Kiondo cha mkonge kinazuia upepo vizuri zaidi lakini kikilowa hakikauki siku hiyo. Kama huna kingine, mtie mtoto ndani ya katoni ndogo, kisha katoni uiingize kikapuni. Hapo umepata mpini wa kubebea, na mtoto yuko ndani ya kuta.

Begi la kitambaa lenye wavu linafaa kwa anayemweka paka mapajani njia nzima. Joto la mwili wako humfikia. Halifai kuwekwa chini wala kwenye rafu ya mizigo, kwa kuwa hubonyea.

Gunia, mfuko wa nailoni na debe la kufunikwa sitavilinganisha na chochote. Hewa haitoshi na mtoto hulowa kwa unyevu wa pumzi yake mwenyewe, kisha akitoka nje ule unyevu humgandisha. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, na gunia ni mateso.

Nizungumzie kidogo mkojo, maana watu huona haya kuutaja. Mwaka mmoja nilichukua watoto watatu kutoka Molo asubuhi ya Julai, kwenye katoni niliyotandika taulo moja nene. Nilidhani unene ndio joto. Kabla ya kufika Nakuru mmoja alikuwa amekojoa, taulo likanyonya lote, na yule mdogo kuliko wote alikuwa amelalia pale palipolowa. Nilipofungua hakulia. Masikio yake yalikuwa baridi na ufizi umepauka. Nilimtia chini ya sweta, tumboni kwangu, nikakaa naye hivyo karibu saa mbili kabla hajanyanyua kichwa. Alipona. Tangu siku hiyo sitandiki tabaka moja nene. Natandika vitambaa vyembamba vinne au vitano, cha juu kikilowa nakitoa, kilicho chini yake ni kikavu. Vya sufu na vile vyenye manyoya laini kama blanketi la mtoto mchanga hutunza joto kuliko taulo la pamba, ambalo likishanyonya maji huwa ubaridi mtupu.

Joto: chupa, soksi ya mchele, au mwili wako

Chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita iliyojazwa maji moto, ikavikwa soksi nzito, ndiyo ninayoitumia mara nyingi. Maji yasichemke, yawe yale unayoweza kuoga nayo bila kuruka. Hukaa na joto saa moja na nusu hivi, mara chache mbili, kutegemea baridi ya nje. Mfuko wa mpira wa maji moto hukaa zaidi na hulala bapa chini ya kitambaa, lakini ukiwa na kucha za mtoto juu yake bila kitambaa kizito, hutoboka, nawe unajua maji yakimwagika yanamaanisha nini. Soksi iliyojazwa mchele mkavu ikapashwa haimwagiki na ni laini, ila hupoa upesi kuliko maji, na ukiwa Londiani hutapata pa kuipasha tena. Maji moto utayapata: beba chupa ya chai iliyojaa, au omba kwenye hoteli yoyote ya kando ya barabara, wanatoa kwa moyo.

Chochote utakachochagua, kiweke upande mmoja wa chombo, nusu nyingine ibaki bila joto. Mtoto lazima aweze kusogea. Ngozi yake huungua kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida, kwa sababu wewe unashika kidogo na kuachia, yeye analilalia saa nzima.

Tena chupa ikipoa itoe. Hili nalirudia kwa kila ninayemkabidhi paka. Chupa ya maji yaliyopoa haikai tu bila faida. Inanyonya joto la mtoto. Ni afadhali asiwe na chupa kuliko kulalia iliyopoa.

Mwili wako ndio chanzo cha joto kisichohitaji kujazwa tena. Mtoto mmoja mdogo, ndani ya begi la kitambaa, chini ya koti lililofungwa nusu, atasafiri vizuri kuliko aliye kwenye kasha la bei ghali juu ya rafu. Na watoto wawili pamoja ni bora kuliko mmoja peke yake. Ukiweza kuwapeleka ndugu wawili kwa mtu mmoja, umetatua nusu ya suala la baridi na nusu ya suala la kilio.

Jiko la makaa, hata dogo, hata limebaki majivu ya moto, lisiingie kwenye gari. Hewa yake ya sumu haina harufu, na humuua binadamu pia. Dawa za usingizi nazo zisitumike: hushusha joto la mwili na kumzuia mtoto kusogea anapohisi baridi. Parasetamo ni sumu kwa paka wa umri wowote, hata kipande cha kidonge.

Gari lako, matatu, boda boda, au kumtuma kama mzigo

Gari la binafsi linashinda kwa sababu moja: unaweza kusimama. Unasimama, unafungua kidogo, unagusa sikio, unabadilisha kitambaa, unaendelea. Joto la ndani ya gari uliweke kiasi cha wewe kustarehe ukiwa na sweta moja. Matundu ya hita yasielekee kwenye kasha. Liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au kwenye kiti likiwa limefungwa mkanda. Buti siikubali. Joto la hita halifiki vizuri huko, moshi huweza kupenya, na humwoni. Ukisimama kula, mmoja abaki na paka, kwa maana gari lililozimwa Mau Summit hugeuka sanduku la baridi, na lile lile likiachwa juani Ahero huwa tanuri.

Matatu si chaguo baya kama watu wanavyosema, mradi umchukulie kiti. Nalipia kiti cha pili nikiwa na kasha, bila kubishana. Kondakta mmoja aliwahi kuniuliza, "Mama, hapo ndani kuna kuku? Kuku anaenda juu."

Nikamwambia, "Ni paka, mwanangu, wa wiki tisa. Nimemlipia nauli yake."

Akachungulia, akatabasamu, akaniambia nihamie kiti cha kati. "Mlangoni kuna upepo, mama."

Alisema kweli. Kiti cha mlangoni ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa mlango hufunguliwa kila steji. Cha dirisha kinafuata kwa ubaya. Cha katikati ya gari, upande wa ndani, kina joto la watu. Jambo linaloudhi kwenye matatu ni kungoja ijae. Usikae nayo stejini dakika 40 na mtoto amekwisha kufungiwa. Ulizia ile iliyobakiza abiria wachache, ndiyo uingie. Basi kubwa lina nafasi zaidi na mlango haufunguliwi ovyo, ila hutajua lini litasimama, nawe huwezi kumwomba dereva asimame kwa ajili ya kitambaa kilicholowa. Kwa safari ya Kisumu kati ya hayo mawili nachagua matatu ndogo ya abiria walioketi wote.

Boda boda naikubali kwa kilomita mbili tatu za kutoka steji hadi nyumbani, mtoto akiwa ndani ya koti lako au ndani ya katoni iliyofunikwa. Zaidi ya hapo hapana. Manyoya humpa paka joto kwa kushika hewa kati yake, na upepo wa pikipiki huifagia hewa hiyo yote. Kukiwa na manyunyu, manyoya hulala na mtoto anabaki kama hana kitu. Kutoka Molo hadi Nakuru kwa boda asubuhi ya Julai ni hatari hata kwa mtoto mwenye afya. Kwa Kisumu yenyewe, tuktuk ni bora kuliko boda kwa ule mwendo wa mwisho, ukiteremsha turubai la upande upepo unatokea.

Kumtuma kama mzigo, akabidhiwe dereva au ofisi ya vifurushi, apokewe upande wa pili: hili ndilo chaguo rahisi kwa pesa na ndilo ninalokataa kila mara. Kuna mtu alinitumia watoto wawili kwa njia hiyo kutoka mji mwingine. Waliwekwa juu ya masanduku ya bidhaa, karibu na mlango wa nyuma, na gari lilichelewa saa tatu. Wote wawili walifika hai, mmoja akiwa hawezi kusimama. Aliyebeba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vifurushi 60 vya kushughulikia, na paka hapigi simu. Kama huwezi kwenda mwenyewe, mtafute msafiri unayemjua akae naye kitini, umlipie nauli.

Alfajiri, asubuhi au usiku. Kericho au Timboroa

Wasafiri wengi hupenda alfajiri ili wawahi. Kwa mtoto wa paka hiyo ndiyo saa mbaya, maana baridi huwa imefikia kilele kabla tu ya jua kuchomoza, na ukungu wa Mau huwa mzito. Ukiondoka saa nane mchana, mvua ya Kericho itakukuta njiani na utaingia Kisumu gizani. Mimi huondoka Nakuru saa tatu asubuhi. Saa nne nne hivi nipo Mau Summit ukungu ukiinuka, saa sita Kericho kabla mvua haijakusanyika, na saa nane niko Kisumu. Kuna joto saa hiyo, lakini joto nina njia ya kulishughulikia.

Usiku una utulivu na watoto hulala, ila sioni ninachokifanya ndani ya kasha gizani, na gari likiharibika Sachangwan saa sita usiku, chupa zako za maji moto zitakwisha kabla fundi hajafika.

Kwa anayekwenda Eldoret au Kitale, njia ni ya Timboroa na Burnt Forest. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700, baridi yake ni kali kuliko ya njia ya Kericho na hakuna joto linalokungoja mwisho, kwa kuwa Eldoret nayo iko mita 2,100 hivi. Huko ongeza chupa moja na usiondoe kitambaa njiani. Anayekwenda Kakamega kupitia Kisumu afuate maagizo ya Kisumu.

Chakula, na dalili za kutazama

Mlishe kidogo saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Tumbo tupu kabisa humwishia sukari mtoto mdogo, naye bila sukari hawezi kutengeneza joto. Tumbo lililojaa hutapika kwenye kona za Sachangwan. Maziwa ya ng'ombe yaache, mengi huwaharisha, na kuhara ndani ya chombo cha baridi ni lile tatizo la kulowa, tena mara mbili. Wa wiki nane, kwa safari ya saa nne, hahitaji kula njiani. Maji mpe ukisimama, usiache bakuli ndani.

Kila baada ya dakika 45 hivi ingiza mkono uguse sikio na kiganja cha mguu. Masikio baridi kidogo na mtoto anayelia kwa sauti si jambo la kuogopa. Anayelia ana nguvu. Mwogope anayenyamaza. Akiwa mlegevu, ufizi umepauka, mwili ni baridi hata tumboni, simama. Mkaushe kama amelowa, mtie kwenye ngozi yako ndani ya nguo, chupa vuguvugu iliyofungwa kitambaa iwe karibu, na umpashe taratibu, saa moja au zaidi. Usimwogeshe maji moto, usimsugue kwa nguvu. Usimpe maziwa wala chakula akiwa bado baridi: tumbo lake huwa limesimama kufanya kazi na kinachoingia huweza kwenda mapafuni. Akishaanza kupata joto, mpake asali kidogo au maji ya sukari kwenye ufizi kwa kidole. Kisha mtafute daktari wa mifugo. Kericho wapo, Nakuru na Kisumu pia, na muuzaji wa duka la dawa za mifugo hukuelekeza kwa aliye karibu.

Upande wa pili wa safari dalili hugeuka. Ukiteremka kuelekea Awasi anza kuvua: toa chupa, toa shuka la juu, bakiza kitambaa kimoja. Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa amezidiwa na joto au na hofu. Hilo kwa paka si la kawaida hata kidogo. Mara mbili nimekuta mtu amefika Kisumu mtoto bado amezungushiwa blanketi la Molo, ulimi nje.

Kwa hali zako

Una gari na mtoto wa wiki kumi: kasha la plastiki lililofunikwa leso, chupa moja, saa tatu asubuhi, njia ya Kericho. Huna gari, mtoto ni wa wiki nane: katoni iliyotandikwa nailoni, ndani ya kikapu, kiti cha kati cha matatu, chupa mbili na chupa ya chai iliyojaa maji. Una mtoto wa wiki tano na rafiki anayeondoka kesho kutwa: mwache rafiki aende. Watoto watatu kwa pamoja: kasha moja, wakae pamoja, na joto upunguze, kwa sababu wanapashana wenyewe, chupa moja ndogo pembeni inatosha mpaka Kericho.

Ukifika, usimtoe haraka kumwonyesha jirani na watoto wa mtaa. Liweke kasha au katoni kwenye chumba kimoja kidogo, mlango wa chombo wazi, maji karibu, sanduku la mchanga upande wa pili. Atatoka mwenyewe, pengine baada ya nusu saa, pengine giza likiingia. Usiku wa Kisumu hauhitaji chupa, hushuka hadi nyuzi 17 hivi, blanketi dogo linamtosha. Na kile kitambaa cha juu chenye harufu ya mama yake, kama ni kikavu, usikifue hadi siku ya tatu.